Mmaliza Maneno

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo, la kipuuzi kabisa. Bibi Zahabia, muuza nyavu na vipuri vya injini za mitumbwi mjini Mwanza, aliandika kwenye kompyuta ya dukani "bei ya nyavu", na kabla hajaongeza neno, kompyuta ikammalizia: "bei ya nyavu mbovu alizouziwa Mayala". Mayala ni mvuvi wa Kigongo, na nyavu zile, za duka hilo hilo, kweli zilikuwa mbovu. Lakini Bibi Zahabia hakuwa amemwambia mtu, wala hakuwa ameandika popote.

Akamwita fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa Masele wa Igogo, na huyu naomba nimseme kidogo, maana anastahili kusemwa. Kuna watu Mungu kawapa elimu ya miezi sita na dharau ya maisha mazima. Masele alikuwa na cheti kimoja cha kompyuta, kakitundika sebuleni kwenye fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yake, na kwa cheti hicho aliwadharau waganga, aliwadharau wachungaji wanaokemea mapepo, aliwadharau wateja wake wote, hasa wale wanaosema "kompyuta inanisumbua" bila kujua inasumbua wapi. Ukitaja jini mbele yake, anacheka mpaka anajipigapiga kifua. Majini, alikuwa akisema, ni ya watu wasiojua kusoma maelekezo.

Kitu kimoja tu hakuweza kukicheka. Binti yake Mhoja alikuwa na miaka minne na hajawahi kutamka neno. Si mama, si maji. Masikio mazima, akili nzima, ukimtuma kijiko analeta kijiko, lakini kinywa kimefunga. Mkewe Odeta alishambeba mtoto kila hospitali na kila kanisa. Masele yeye kila walipoalikwa harusi alimwacha mtoto nyumbani, ati asisumbuliwe na kelele. Ndivyo alivyosema.

Basi saa nane mchana akaingia dukani kwa Bibi Zahabia, mkoba begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Rudisha mlango." Bibi Zahabia akashusha sauti, japo dukani hapakuwa na mteja. "Inanimalizia maneno."

"Hayo ni mapendekezo tu, mama. Brauza, hiyo unayotafutia mambo mtandaoni, inakumbuka ulichoandika zamani, halafu inakurahisishia. Zote duniani zinafanya hivyo."

"Sikuandika."

"Uliandika ukasahau. Umri nao, mama."

Bibi Zahabia akamtazama kama anatazama samaki wa juzi. "Mimi sijasahau kitu tangu nizaliwe. Jana niliandika 'dua ya', basi. Yenyewe ikaandika 'dua ya kumtoa mkwe ndani ya nyumba'. Hilo sikuliandika, fundi. Nililiwaza."

Masele akameza kicheko, akaketi. Ndipo akaisikia harufu. Kwenye matundu ya kompyuta, pale panapotoka joto, ilikuwa inatoka pumzi. Haikuwa harufu ya waya ulioungua wala vumbi. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyekaa kimya siku nyingi, ndiyo kwanza anakifungua.

"Mjusi kafia ndani," akasema. Akafungua kifuniko, akamulika. Hapakuwa na mjusi. "Basi kafia kwingine."

Akarudisha kifuniko, akawasha, akafungua brauza. Ili ajaribu tu, akabonyeza herufi moja, m, akaondoa mkono. Na mkono wake ukiwa hewani, mbele ya macho yake, vitufe vikaendelea kulia vyenyewe, tk, tk, tk, polepole, kama mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja, na maneno yakajipanga kwenye kioo moja baada ya jingine mpaka yakatimia: "mtoto wangu haongei na ninamwonea haya mbele ya watu".

Neno hilo Masele hakuwahi kulisema. Hakumwambia Odeta, hakumwambia padri, hata yeye mwenyewe alikuwa akilipita kwa mbali, kama unavyompita mtu anayekudai. Akaziba kioo kwa kiganja kabla bibi hajasoma.

"Virusi," akasema. "Naing'oa yote, naingiza mpya."

Bibi Zahabia akasogea karibu na sikio lake. "Nisikilize, mwanangu. Kwetu tunajua jini hakai hewani. Ukimtoa mahali, mwonyeshe pa kwenda. Mwambie aende ziwani katikati, kusiko na mtu. Akikuuliza, usimwache bila jibu, na usimkaribishe, hata kwa mzaha."

"Mama, hii ni programu."

"Sawa, programu. Usiikaribishe."

Masele akaanza kazi, na kwa kuwa alikuwa ameogopa, aliongea sana. Akaifunga brauza, kompyuta ikamjulisha kwamba bado inafanya kazi kwa nyuma. Akaizima huko nyuma, ikarudi. Akaizima tena, ikarudi. Mara ya tatu ikatulia. Akaiondoa kwenye orodha ya programu, na kompyuta ilipomuuliza kama afute na kumbukumbu zake zote, akakubali. Akaingia hata kwenye folda zilizofichwa, akafuta mabaki kwa mkono wake, akamwaga na kapu la taka. Mafundi wa vichochoroni, alimweleza bibi, wanafyeka majani tu, halafu wanashangaa kitu kikichipua. Kung'oa kabisa ni kufuta na kila kilichohifadhiwa ndani.

Alipomaliza, ukurasa ukafunguka.

Kurasa hizo anazijua. Ukiondoa programu ya watu, wenyewe wanakuuliza kwa unyonge umewaondolea nini. Lakini kawaida ukurasa huo unahitaji brauza nyingine ya kuufungua, na huu ulifunguka juu ya kioo kitupu. Uliandikwa Kiswahili safi: "Tunasikitika umetuondoa. Twende wapi?" Chini yake kisanduku cha kujibu.

Masele akakitazama kisanduku. Angeweza kukifunga. Angeweza kuandika "ziwani" na kumridhisha bibi wa watu. Lakini dharau ni tamu, na chini ya dharau yake kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma miaka minne. Akaandika haraka, huku anacheka puani: "Kama una maneno mengi hivyo, karibu kwangu Igogo, umgawie mwanangu." Akabonyeza Tuma.

Yeye aliita utani. Mimi nasema mtu hatanii kwa kitu anachokililia. Lile lilikuwa ombi.

Bibi Zahabia alikuwa amevaa miwani. "Umeandika nini?" akanong'ona.

"Nimewatania tu."

"Umeandika karibu."

"Karibu ni neno tu, mama."

"Lifute."

"Limeshakwenda."

Ilikuwa saa tisa na robo. Pumzi ile ikakoma, matundu yakabaki yanatoa joto la kawaida. Masele akaingiza brauza mpya aliyokuja nayo kwenye flashi, bibi akaandika "bei ya nyavu", zikaja bei za nyavu, basi. Bibi Zahabia hakufurahi. Alimfungulia mlango mwenyewe. "Nenda kwako," akasema. "Sasa hivi. Usipitie popote."

Akapitia kijiwe cha kahawa. Kwa saa mbili akawachekesha wenzake kwa kumwigiza bibi wa watu, miwani, minong'ono na yote. Wakacheka. Na wao ni wa hovyo vilevile.

Alipofika Igogo jua lilikuwa bado lipo. Odeta alikuwa mlangoni, analia na kucheka kwa pamoja.

"Baba Mhoja, kaongea. Saa tisa na robo, nimeitazama saa kwa macho yangu. Nilikuwa nachambua mchele, nikajisemea, sijui chumvi nimeiweka... nikasikia nyuma yangu, 'nyuma ya ndoo'. Na ilikuwepo, nyuma ya ndoo."

Tuseme haki: Masele alilia. Furaha ilimjaa, na saa tisa na robo ikampita sikioni bila kugonga popote. Akamkumbatia mtoto wake kwa mikono miwili.

"Mhoja, mwanangu, leo baba yako..."

"...amefurahi, kwa sababu hatanionea haya tena mbele ya watu," mtoto akamalizia.

Sauti ilikuwa tamu, nyororo, bila kukwama. Na pamoja na sauti ikatoka ile pumzi, ile ile ya dukani, ya kinywa kilichokaa kimya siku nyingi, na Masele akainua kichwa akatazama midomo midogo ikitabasamu, halafu akatazama macho, macho yale ambayo kwa miaka minne ndiyo yaliyokuwa maneno ya mtoto huyu, ya njaa, ya usingizi, ya baba usiniache, akaona yamefunguka mpaka mwisho, yamejaa machozi, yanamwomba.

"Kumbe unamwonea haya," Odeta akasema taratibu.

"Odeta." Alikuwa ananong'ona. "Anayeongea si Mhoja. Ni jini. Nimemkaribisha mimi, leo, kwa mkono wangu."

Odeta akamtazama, na dharau iliyokuwa usoni mwake Masele aliifahamu vizuri, maana ilikuwa yake. "Miaka minne umemficha kwa sababu haongei. Leo kaongea, unamwita jini. Wewe, uliyemcheka kila mtu anayeamini majini."

"Mtazame macho."

"Analia kwa sababu baba yake ni mtu wa hovyo. Na ukimleta mtu yeyote hapa kuja kumtoa chochote, mimi na wewe basi."

Masele akazidi kumkumbatia mtoto. Na hata angeruhusiwa, angemtoaje? Kazi hiyo alikuwa ameieleza mwenyewe mchana, kwa mdomo mpana, kwamba hakitoki kabisa mpaka ufute na kila kilichohifadhiwa ndani, na kilichohifadhiwa ndani sasa kilikuwa mtoto wa miaka minne anayejua kuleta kijiko, anayemtazama kupitia macho yake mwenyewe kama mtu aliyefungiwa chumbani, na ufunguo ameutoa baba yake. Akainama mpaka paji lake likagusa la mtoto.

"Mwanangu yuko..."

"...humu humu," kinywa kikamalizia. "Anasikia kila kitu. Anakuita."

Odeta hakuyasikia maneno. Alisikia sauti tu, ile aliyoisubiri miaka minne. Akamvuta mtoto akampakata, akamfuta machozi kwa upande wa kanga.

"Tena," akasema. "Sema tena, mama."