Vidonge Nilivyovipunguza

Kwa nini dawa iliyomwezesha mama kufunga vifungo vyake ndiyo iliyomvimbisha uso? Swali hilo lilinikera kila Jumapili nilipopanga vidonge vyake katika kisanduku chenye vyumba saba, vidonge viwili kwa kila siku. Vidole vyake, vilivyopindwa na baridi yabisi, havikuweza kufungua kopo.

Shangazi, mtafiti wa dawa chuoni, alinionyesha picha kwenye kompyuta. Ndani ya seli mna kipokezi, mfano wa kufuli. Dawa ya mama ikiingia humo hutuliza uvimbe wa viungo, lakini huamsha na mengine: uso hujaa, mifupa hudhoofu.

“Tumelijua umbo la kufuli, sasa tunachonga ufunguo mpya,” alisema. “Huu wa kumi na saba umekaa sawasawa. Huenda ukatuliza uvimbe na uso ukabaki salama.”

“Lini, shangazi?”

“Usinikimbize, mwanangu! Haujajaribiwa hata kwenye seli moja hai.”

Mimi nilishika “umekaa sawasawa” tu.

Siku ya kikao cha wazazi, wenzangu walipiga kelele, “Mama Puto huyoo! Mshikeni asipae!” Mama alisikia. Alivuta mtandio hadi mashavuni.

Jumapili iliyofuata niliweka kidonge kimoja kimoja. “Shangazi amesema upunguze, dawa mpya inakaribia,” nilimdanganya. Aliniamini. Wiki ya pili niliweka nusu. Siku ya nne alianguka mlangoni, akitapika, hana nguvu hata ya kuniita.

Hospitalini daktari aliuliza, “Vidonge anameza?”

“Kila siku,” shangazi alijibu. “Huyu binti ndiye mpangaji, hakosei.”

“Basi dawa imemshinda. Tutaibadilisha.”

Niliona kalamu ikigusa karatasi.

“Daktari, sijampa! Nilipunguza. Nilimwambia ni agizo la shangazi.”

Shangazi alinitazama kana kwamba hanijui. Daktari aliagiza sindano papo hapo. Mwili uliozoea dawa hii, alisema, huacha kujitengenezea ya kwake. Ikipunguzwa ghafla, mgonjwa anaweza kufa.

Mama alipona, ila baridi yabisi ilirudi kwa hasira. Wiki nzima hakuweza kushika kikombe.

“Wifi,” alimwambia shangazi, “kisanduku kipange wewe.”

Nililia. Shangazi alikipokea, kisha akanikalisha.

“Ufunguo wa kumi na saba umeshindwa,” alisema. “Kwenye seli umeamsha madhara yale yale. Miaka mitatu ya kazi! Lakini nimeandika kama nilivyoona, maana kutamani si kuthibitisha. Mgonjwa akidanganywa, hata mapenzi yetu humgeukia sumu.”

Nilifuta machozi, nikasimama mbele yao.

“Kikao kijacho nitakaa kando ya mama,” nilisema. “Atakayecheka nitamwambia: uso huu umevimbishwa na dawa inayomsaidia. Vidole hivi vimeumizwa na mimi.”