Mkono wa Kushoto wa Kibonge

Mtoto akianza kutembea, watu wazima wote nyumbani wanageuka walinzi. Asubuhi ile dada yangu, fundi cherehani, aliliacha gauni la mteja chini ya sindano akatoka na Kibonge kwenda kununua vifungo. Ni mwendo wa kutupa jiwe tu. Mimi niliyekuwa nampigia pasi pale kibandani niliwafuata na kikapu, nikimcheka mtoto na hatua zake za kilevi.

Si dada aliyemzaa Kibonge. Mama yake mzazi alifariki siku ile ile aliyojifungua, na dada akaolewa na baba yake, shemeji yangu, mtoto akiwa bado wa chupa. Akamlea, akakesha naye, akamfuta machozi na mengineyo. Alichotaka ni kitu kimoja tu, mtoto amwite mama. Kibonge akamwita "Undi", kwa sababu siku nzima alisikia wateja wakiita "Fundi". Na kila aliyempita njiani alisema kachukua macho ya marehemu mama yake. Dada alicheka nao, kisha akirudi kwenye cherehani anaikanyaga pedali utadhani wamegombana. Tusifichane, dada yangu ana wivu. Anauonea wivu hata mto anaolalia mumewe.

Siku hiyo ya vifungo ndipo alipoona. Kibonge alikuwa amempa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa juu, umenyooka, kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Kiganja kimefumbwa nusu. Mimi nikasema anatafuta mizani. Muuza vifungo, mama mtu mzima, akasema hajapata kuona mtoto anaanza kutembea na haanguki hata mara moja. Alisema kwa kusifu. Dada aliutazama ule mkono.

Toka hapo akawa anamchunguza. Ndani ya nyumba mkono unashuka. Wakitoka tu, unapanda. Penye ngazi Kibonge anasimama, anatazama juu kushoto kwake, anacheka, ndipo anakanyaga. Dada akahamia upande ule. Mtoto akazunguka taratibu mpaka dada akawa kulia tena, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti chake.

Siku moja tuliporudi kibandani aliniegemea sikioni.

"Ni yeye," akanong'ona.

Sikuuliza nani. Nikamshauri amweleze mumewe. Akasema hathubutu, maana shemeji akisikia marehemu bado yupo, atampenda upya.

"Nimebakiziwa mkono mmoja," akasema. "Na huo wenyewe kwa hisani yake."

Akafanya jambo ambalo fundi peke yake angelifikiria. Alichukua shati la Kibonge, akaliziba tundu la kutokea kiganja cha kushoto, kisha akaushona mkono wa shati ubavuni, mashine ikapita mara mbili. Akamvalisha. Nikamwambia huo ni ukatili. Akanijibu kwamba mtoto atazoea, na huyo mwingine naye atazoea.

Tulipotoka kwenda kununua kitambaa, Kibonge alianguka kizingitini. Akaanguka tena getini, paji likavimba. Dada alimwinua kila mara, akimpangusa vumbi na kumwambia njoo kwa mama. Sijawahi kuona mtu anamfurahia mtoto anayelia namna ile. Mpaka tunafika duka la vitambaa, Kibonge alikuwa ameling'ang'ania gauni la dada kwa mkono mmoja, na dada amejaa furaha uso mzima. Nilikasirika, lakini pia nilimwonea huruma.

Dukani alihitaji mikono yote miwili kukunjua jora. Alimwachia kidogo tu. Mimi nilikuwa ndani zaidi, nachagua nyuzi. Tulipogeuka, Kibonge yuko nje.

Gari la mizigo lilikuwa linarudi nyuma. Limejaa majora mpaka juu. Dereva hamwoni.

Dada alikimbia. Asingefika. Nilijua, na yeye alijua. Nilitegemea amwite mtoto. Hakumwita.

"Mshike!" akapaza sauti.

Nje hapakuwa na mtu.

Nikasikia uzi. Trrr. Mshono wa mashine, mara mbili, unafumuka. Shati likaachia ubavuni. Mkono wa kushoto ukapanda juu. Kibonge akavutwa nyuma, visigino vikiburuzika vumbini. Gari likapita pale pale alipokuwa amesimama, likasimama mbele kidogo.

Hakulia.

Dada alipiga magoti, akamkunjulia mikono. Mtoto hakumjia. Aliinua uso, kushoto, juu, usawa wa uso wa mwanamke mrefu. Dada yangu ni mfupi. Kibonge akatabasamu. Akasema polepole, neno zima, bila kigugumizi.

"Mama."

Dada alibaki na mikono yake wazi. Baadaye akaishusha, akaanza kuokota nyuzi kwenye vumbi.

Jioni wakati wa kumwogesha tuliona alama za vidole kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Vinne upande wa juu, kimoja chini. Hazikuvimba wala hazikumuuma. Shemeji akadhani ni dada amemshika kwa nguvu, akamfokea, na dada akakubali kosa. Tulidhani zitapotea.

Sasa Kibonge anakwenda shule peke yake na mkono hauinui tena. Dada bado anamwita mwanangu, naye bado anamwita Fundi. Alama zipo. Jumapili dada humkalisha mapajani amkate kucha, na akidhani sitazami, huweka vidole vyake juu ya zile alama, kimoja kimoja, anavilinganisha. Huvinyoosha mpaka vinatetemeka. Vyake ni vifupi.