Ngumi Ubavuni mwa Shukuru

Kila asubuhi, Bibi Monica aliingia zizini, akakandamiza ngumi kwenye ubavu wa kushoto wa ng'ombe wake Shukuru, kisha akasali Salamu Maria tatu polepole. Kabla hajamaliza, tumbo la Shukuru lilikuwa limeisukuma ile ngumi mara moja au mbili. "Ameamka mzima," bibi alimwambia mjukuu wake Dominika, na kazi za siku zikaanza.

Huko Kirua Vunjo ng'ombe hawakuchungwa. Walifungiwa zizini kando ya migomba, wakaletewa majani. Kukata majani ilikuwa kazi ya Dominika, lakini wiki ile darasa la sita lilikuwa na mashindano ya netiboli, na kwa netiboli Dominika alikuwa hasikii wala haambiwi. Siku mbili mfululizo aliuacha mundu ukutani, akamimina nusu debe la pumba za mahindi horini. Shukuru alizoea bakuli moja tu wakati wa kukamuliwa. Alizimaliza zote, na Dominika akajiona mjanja.

Jumatano bibi alisali Salamu Maria tatu, akaongeza nyingine tatu. Ngumi haikusukumwa. Shukuru aliinamisha kichwa, hacheui, na ilibaki miezi miwili tu azae. Bibi alimwita bwana mifugo, mzee Filemon.

"Shikamoo, babu," Dominika alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayemlisha? Amekula nini?"

"Majani, kama kila siku."

Filemon akatoa chupa ya mafuta. "Kama ni majani mabichi yaliyomjaza gesi, nitamnywesha haya. Nikikosea dawa, tutampoteza."

Dominika alimtazama bibi, ambaye bado alikuwa ameegemeza ngumi pale pale.

"Nimedanganya," alisema. "Nilimpa pumba, nusu debe jana na juzi. Sikukata majani."

Filemon alirudisha chupa mkobani, akakoroga unga mweupe wa dawa kwenye maji, akamnywesha Shukuru.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Chakula hakitembei chenyewe. Tumbo lina misuli inayokaza na kulegea, ikikigeuza na kukisukuma mbele. Majani magumu huiamsha misuli hiyo. Pumba zikizidi huchacha, misuli ikalegea, na mwendo ukakoma."

"Na tumbo langu je?"

"Nalo husukuma, hata ukilala. Ndiyo maana tunakuambia ule mboga, unywe maji na ukimbie. Sasa mtembeze ng'ombe wako taratibu, na pumba asizione."

Mchana ule wenzake walicheza netiboli bila yeye. Dominika alimzungusha Shukuru kati ya migomba huku majirani wakicheka kuona ng'ombe wa zizini akitembezwa kama bibi harusi. Hakujali. Jioni alishuka bondeni, akarudi na mzigo wa majani kichwani.

Kesho yake bibi alimwambia aweke ngumi yeye mwenyewe. Salamu Maria ya kwanza ikaisha, kimya. Katikati ya ya pili, kitu kizito kiliiinua ngumi yake polepole, kisha kikashuka. Dominika alilia kwa furaha.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Bibi Monica alisema. "Ulikosea kwa uvivu, lakini ulisema kweli mapema, na dawa ikamkuta angali hai. Anayetunza kiumbe hana ruhusa ya kudanganya kuhusu chakula chake. Haya, chukua mundu."