Hodi ya Mto wa Mchanga

Maji ya nyumbani kwa Gordon Obiero, pale Migosi, yalianza kunuka mbuzi. Si sana. Ilikuwa harufu ya mbuzi aliyelowa, inayokujia kikombe kikifika puani na kupotea ukishameza. Milka, mkewe, alimwaga pipa zima la jikoni, akalisugua kwa majivu na ndimu, akanunua maji mengine kwa mwenye mkokoteni. Yakanuka vilevile. Majirani walionunua kwa mtu yuyo huyo hawakuwa na malalamiko yoyote.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tano. Gordon alikuwa amerudi Kisumu baada ya ule ukame mkubwa, kutoka Turkana, alikokuwa akitafiti mito ya jangwani. Watu walimwita Daktari, ingawa hakuweza kutibu hata mafua. Udaktari wake ulikuwa wa mito isiyo na maji juu, ambayo watu na wanyama huishi kwa kufukua mchanga wake. Alishapata shahada zote zinazotolewa na bado alikuwa anasoma, jambo ambalo mama mkwe wake hakuacha kumtania nalo. Utafiti ule ulimpatia sifa nyingi, na yeye hakuzikataa.

Kisha Aoko, binti yao wa pekee, akashikwa na kiu. Alikunywa kikombe, akaomba cha pili, akaomba jagi. Midomo yake ilipasuka kama ya mtu aliyelala juani. Hospitali walimpima sukari, hawakuona kitu, wakamrudisha nyumbani na maji ya chumvi. Milka alipokuwa akimnywesha aliona mchanga umetuama chini ya kikombe, mchanga mweupe, laini, ambao haupatikani Kisumu.

"Baba Aoko, huyu mtoto anakauka na mimi naona," alisema. "Hebu sema kitu."

Gordon alisema wangojee dawa ifanye kazi.

Siku hiyohiyo, jua likiwa bado utosini, kitu kikagonga kifuniko cha pipa jikoni. Ngo. Ngo. Ngo. Kiligonga polepole, kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kusumbua. Milka alidhani ni panya. Alipoinua kifuniko hakuona kitu ila maji yaliyokuwa yakicheza. Gordon aliyekuwa mezani alisimama, akatoka nje bila viatu. Alijua ni nani. Alijua tangu hodi ya kwanza, akanyamaza, kwa sababu mtu mwenye sifa kama zake huona heri afe kuliko kuaibika. Tatizo ni kwamba aliyekuwa akifa hakuwa yeye.

Hodi zikaendelea kila siku hadi majirani wakazisikia kupitia ukutani, na jioni moja upepo ulipovuma kutoka ziwani mtu akasema ni nyawawa. Hayo ni mapepo ya ziwa yapitayo na upepo, na kila Mjaluo anajua dawa yake: unagonga sufuria, jirani yako anagonga, na wa mbele yake anagonga, mpaka yasukumwe nyumba kwa nyumba yarudi majini. Basi wakatoka. Waligonga sufuria, wakagonga mabati ya vyoo, wakagonga mikebe na madebe na mageti, mtaa mzima ukalia, na kila kilipogongwa chuma kimoja pipa la jikoni likajibu, si kwa adabu tena bali kwa haraka, ngo-ngo-ngo-ngo, harufu ya mbuzi ikajaa vyumbani hata macho yakawasha, na Aoko pale kitandani akafungua kinywa akalia, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto wala ya mtu, ilikuwa ya mbuzi wengi walio mbali, wanaolia pamoja, wanaofifia mmoja baada ya mwingine.

Gordon alikimbilia mlangoni. "Tafadhali nyamazeni," alisema. "Mtoto anaumwa kichwa."

Walimhurumia, wakazidisha kugonga.

Nyumba ya pili aliishi Nabututu, mama mzee wa Kibukusu aliyekuwa akiwaombea wagonjwa na kuwakanda kwa mitishamba. Yeye hakuwa na desturi ya sufuria. Alikuwa amesimama tu, mikono kifuani, akimtazama Gordon na si upepo.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "wewe unaogopa hizi sufuria kuliko hicho kitu. Kwa nini?"

"Mama, si kitu."

"Mficha uchi hazai. Na wewe huyo mmoja uliyezaa anaisha."

Hapo ndipo Gordon alipokaa chini kwenye kizingiti, mbele ya mtaa mzima, uso mikononi. Alisema wasigonge, kwani kugonga ndiko kulikokuwa kunamwita yule wa kwenye pipa. Kule mtoni, alisema, kisima cha mchangani hakifunikwi. Anayekichimba hunywa, akaachia wengine, na jioni huachiwa wanyama. Yeye alichimba chake akakifunika kwa bati na kufuli, apime maji yanavyoshuka pasipo mtu wala mnyama kuyagusa. Mchana mmoja akaja bibi mmoja na mbuzi wake. Watu wa kule hawapigi kelele wakiomba maji. Aligonga bati kwa fimbo yake.

"Nilikuwa kwa hema," Gordon alisema. "Ufunguo ulikuwa kwa mfuko. Vipimo vilikuwa vinakaribia kuisha. Nikasema ataenda kisima kingine."

"Hakuenda?" Nabututu aliuliza.

"Asubuhi nilimkuta amelalia bati. Na mbuzi wake wote."

Sufuria zikashushwa, moja hapa, moja pale. Milka alikuwa nyuma yake, Aoko mikononi.

"Ulikuwa umelala?" aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Alitamani kusema ndiyo.

"Nilikuwa macho," alisema. "Nilisikia mpaka akaacha."

Nabututu hakufukiza chochote. La kuvunda halina ubani. Alimwambia Gordon alitoe pipa lile uani, aondoe kifuniko, apige magoti na kumkaribisha mgeni wake. Gordon akafanya hivyo, mbele ya watu. "Mama, karibu maji," alisema, akalilaza pipa. Maji yalienea kwenye vumbi, na kwenye matope yale, ambako hapakuwa na mnyama, zikajitokeza alama za kwato ndogo, nyingi, zikisukumana, na katikati yake nyayo mbili za mtu aliyekonda. Pakasikika kunywa, kwa muda mrefu. Kisha alama zikaelekea getini, na harufu ikaondoka nazo.

Aoko aliomba maji. Jirani akaleta yake. Gordon akakimbilia kikombe, akampelekea mwanawe kwa mikono miwili. Mtoto aliyatazama maji, akamtazama baba yake, akageuza uso kwenye kifua cha mamake. Milka akachukua kikombe. Aoko akanywa nusu, akashiba, akalala.

Majirani walienda zao bila kuaga. Gordon alimfuata Nabututu hadi mlangoni kwake, akamuuliza mtoto atakubali lini kunywa kutoka mkononi mwake.

"Jini nimekutolea," yule mama alisema. "Hilo lingine sina dawa yake."