Kilomita Kumi na Moja kwa Lita

Alhamisi Kuu, saa nne na robo asubuhi, Bibi Ruth Sumari alivuta kasha la tarumbeta kutoka chini ya kitanda cha marehemu mumewe. Mezani alikuwa ameshaandaa nusu ya limau, majivu aliyoyachekecha mara mbili, na kipande cha fulana kuukuu cha kung'arishia. Kasha lilikuwa zito kama kawaida yake. Akafungua vifungo viwili vya mbele.

Ndani mlikuwa na mawe mawili ya mtoni, yamezungushiwa kipande cha gunia yasigongane.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, kasha mapajani, akayatazama yale mawe mpaka limau likaanza kukauka mezani.

Kwa miaka arobaini na mmoja Mzee Sumari alikuwa akilipuliza tarumbeta lile kila Pasaka, saa kumi na moja alfajiri, Walutheri wa kijiji chao kilicho juu ya Tengeru wakiwa wamesimama makaburini kati ya migomba kuwatangazia wafu wao ufufuko. Agosti iliyopita naye akalazwa pale pale. Pasaka hii ilikuwa ya kwanza kwake kupigiwa, na Richard, kiongozi wa kikundi cha matarumbeta, alikuwa ameahidi kulitumia lile lile la marehemu. Bibi Ruth alikuwa amevumilia miezi minane ya nyumba iliyonyamaza kwa kuingoja alfajiri hiyo moja.

Wifi yake Hanna, dada wa marehemu, aliingia na kibuyu cha maziwa, akaona mawe.

"Ruth! Hayo ni nini?"

"Ndiyo tarumbeta la kaka yako."

"Mungu wangu! Ni yule Msafiri mnunua vyuma. Jana si alikuja hapa kuulizia sufuria mbovu? Twende polisi sasa hivi. Nitavaa viatu vya kanisani."

"Kaa chini kwanza, wifi. Ukimpeleka mtu polisi wiki hii, atalala ndani mpaka baada ya sikukuu, awe amechukua au hakuchukua. Nipe mpaka Jumamosi saa sita."

"Na Jumapili tupige nini? Sufuria?"

Bibi Ruth alianza kuhesabu saa.

Jumanne jioni alikuwa amelifuta na kulirudisha mwenyewe. Jumatano, kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi, alikuwa bondeni akikata majani ya ng'ombe, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kigingi tu. Stanley, dereva wake, alifika wakati huo na kuondoka na pikapu saa mbili kamili, kwenda soko la Kwa Mrombo, mjini, kutafuta makreti ya parachichi. Msafiri alipita saa tatu. Richard alikuja saa tano kuzungumzia nyimbo, akaomba maji, akaingia jikoni kujichotea mwenyewe. Stanley alirudi saa tisa, makreti hana.

Akayapima tena mawe mikononi, moja baada ya jingine. Aliyeyachagua aliujua uzito wa tarumbeta. Hilo alilishika.

Mchana alimkuta Richard nje ya kanisa akipanga viti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Richard, jana ulipokunywa maji ulichelewa jikoni."

"Nilikuta chungu cha makande, Bibi. Nikala vijiko vitatu. Vinne." Akaona uso wake. "Kuna nini?"

Alipoambiwa, kiti kilimdondoka. Kisha akakasirika.

"Unanishuku mimi? Kwa sababu nilisema msibani kwamba chombo kizuri hivyo kisife kabatini? Nilisema, na nitasema tena. Lakini niliondoka kwako na daftari la nyimbo na mwavuli, wewe ukiwa barazani. Tarumbeta ningelificha wapi, kwenye soksi?"

Ni kweli. Alikuwa amemsindikiza kwa macho mpaka kona.

Ijumaa Kuu, baada ya ibada, alishuka Tengeru kwa miguu hadi uani kwa Msafiri. Yule mzee wa Kondoa alimtandikia gunia juu ya kigoda.

"Shaba nanunua, mama, sikatai. Lakini juzi ile niliishia getini, ng'ombe wako ndiye shahidi. Tena ngoja." Akamwaga mzigo wake wote chini: mabomba, koki, sufuria, betri. "Tafuta. Ukiona hata kidole cha tarumbeta, mimi mwenyewe nitakufuata polisi."

Bibi Ruth alipekua kipande kwa kipande, bila haraka, kisha akamsaidia kurudisha vitu kwenye magunia. Halikuwamo.

Jioni ile aliketi barazani na daftari la pikapu.

Pikapu lilikuwa kitu cha mwisho Mzee Sumari kununua. Lilikuwa la haibridi, yaani injini ya petroli na mota ya umeme zikipokezana, na muuzaji alikuwa ameapa linakwenda kilomita kumi na nane kwa lita moja. "Kumi na nane za karatasi," mzee alisema. "Za kwetu tutazipata wenyewe." Akanunua daftari la kurasa mia moja. Kila safari alifuta namba kwenye kioo cha dashibodi kabla ya kutoka, na aliporudi aliandika alikokwenda, kilomita, na kila lita imemfikisha wapi. Alipofariki, Bibi Ruth, mwenye elimu ya darasa la saba na mwandiko wa kulala, aliendelea kuandika chini ya mwandiko wake. Hakuna aliyemwomba. Ilikuwa njia yake ya kukaa naye meza moja dakika tano kila jioni.

Alisoma juu, mwandiko wa mzee: *Olmotonyi, kufuata miche. Km 64. Kumi na mbili. Mlima unakula.* Chini yake: *Kwa Mrombo. Km 48. Kumi na tano na nusu. Foleni njia nzima, injini ikalala, tukaenda kwa umeme kama kobe.* Kisha wake, Januari: *Kwa Mrombo. Km 48. Kumi na tano.* Februari: *Kwa Mrombo. Km 48. Kumi na tano na nusu.*

Na Jumatano hii: *Kwa Mrombo. Km 48. Kumi na moja.*

Alikumbuka Stanley akiwa na ndoo na sabuni, akiosha matairi, wakati yeye anasoma kioo. "Foleni, Bibi," alisema. "Foleni ya mjini imekunywa mafuta yote." Naye akaandika tu, mawazo yake yakiwa kwenye Pasaka.

Akafunga daftari. Lile giza la jioni lilimkuta bado amekaa, anamsikitikia kijana aliyempenda.

Jumamosi, saa tatu kasoro dakika kumi, alipanda mbele na mkoba wake.

"Nipeleke Kwa Mrombo."

"Leo, Bibi? Jumamosi ya Pasaka? Mji umefurika."

"Ndicho ninachotaka."

Alifuta namba mwenyewe kwa kidole. Mjini magari yalikuwa yamebanana, kila mtu anakimbilia nyama na nguo za watoto. Pikapu lilisogea hatua, likasimama, likasogea. Injini ilikuwa kimya. Stanley alipiga honi bila sababu, kisha akawasha redio, kisha akaizima. Kwa Mrombo Bibi Ruth alinunua vitunguu fungu moja, akasema wageuze. Saa tano na nusu walikuwa wamerudi uani kwake. Hakushuka.

"Soma kioo."

"Kilomita arobaini na nane."

"Na pale chini?"

"Kumi na tano nukta tatu."

"Udereva ulijifunzia gari gani, Stanley?"

"Pikapu la dizeli la mjomba."

"Basi ndiyo maana. Lile likiingia foleni linakunywa. Hili foleni ndiyo mapumziko yake. Linachoka likipanda. Jumatano ulipanda mlima, mwanangu. Si Olmotonyi, kule ni sitini na nne. Ulipanda mlima mwingine, ukazungusha gari mpaka zikatimia arobaini na nane, kwa sababu kilomita unajua nazisoma. Tena ukaosha matairi Jumatano, wewe ambaye hata Jumamosi nachosha mdomo wangu kukukumbusha. Na enzi za marehemu, kila Jumapili ni wewe uliyebeba lile kasha kwenda kanisani. Nani mwingine angepatia uzito wa mawe?"

Kijana aliweka paji la uso kwenye usukani.

"Sikuliuza, Bibi."

"Ningedhani umeliuza, Hanna angekuwa amekaa hapa badala yangu. Liko wapi?"

"Kwa babu yangu, mzaa mama. Juu ya Usa River, karibu na msitu. Nilitaka kulirudisha Alhamisi alfajiri, hakuliachia. Analala nalo."

"Mbona hukuniomba?"

"Ningeomba vipi? Siku ile Mzee anakuusia, si mimi nilikuwa namgeuza kitandani? Nilisikia."

Bibi Ruth aliikumbuka siku ile. Siku tatu kabla hajafa, mumewe alisema neno moja tu kuhusu mali yake yote: *Tarumbeta lisiende kwa Solomoni.* Hakusema kwa nini, naye hakuuliza.

"Babu yako anaitwa Solomoni."

"Ndiyo, Bibi."

"Washa gari."

Walishuka hadi lami, wakapita Usa River, wakaacha barabara ya Moshi na kuanza kupanda vumbi jekundu. Injini iliamka ikanguruma. Bibi Ruth alikuwa ameifuta namba tena; sasa aliitazama ikishuka, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja na kitu, na safari hii hakufurahia kuwa sahihi.

Mzee Solomoni alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, macho yamefunikwa na ukungu, tarumbeta limefungwa khanga kifuani.

"Nani?"

"Ruth. Mke wa Sumari."

Mzee alijaribu kusimama, akashindwa. "Umekuja na askari?"

"Nimekuja na vitunguu. Umekaribia kufa, Solomoni, na bado unatuma watoto wakaibe?"

"Sikumtuma. Nilimwambia tu hamu yangu, akaichukua kichwani." Alicheka bila meno, kisha kicheko kikakatika. "Sumari hakukuambia?"

"Hakuniambia kitu."

"Hilo tarumbeta tulinunuliwa na misheni likiwa moja, tukiwa vijana. Jumapili yangu, Jumapili yake. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mwaka wa themanini na tisa Esther wangu alifariki, Ijumaa Kuu kama jana. Tukamzika Jumamosi. Nikamtumia Sumari ujumbe: lete tarumbeta. Yeye alikuwa ameahidi kupiga harusini mjini, akasema atawahi. Hakuwahi. Tulimfukia Esther kimya kimya, kama mtu asiye na dini. Pasaka alfajiri nikamsubiri tena. Hakuja. Alikuwa anaona haya, nadhani. Mwaka ukapita, haya ikawa hasira, akawa ndiye anayeninunia mimi niliyekosewa."

Upepo wa mlimani ulipita kwenye migomba. Bibi Ruth aliikumbuka harusi ile. Alikuwapo, amevaa gauni la maua. Mumewe alipiga vizuri mno siku hiyo, na njiani kurudi hakusema neno, na yeye alidhani amechoka.

Kumbe kwa miaka yote ile alikuwa akimsikia mumewe kila Pasaka na kumdhani mwenye furaha.

"Nilitaka nimpigie Esther kesho," Solomoni alisema. "Lakini sina meno, na pumzi imekwisha. Nimejaribu siku tatu. Linatoa mlio wa mbuzi." Akafungua khanga, akanyoosha mikono. "Lichukue, Ruth. Ni Pasaka ya kwanza ya mwenzako. Najua unavyolisubiri."

Bibi Ruth alilipokea. Shaba ilikuwa na joto la kifua cha mtu. Alfajiri ni moja; kati ya kaburi hili na lile kuna nusu saa ya kuteremka na kupanda, na jua halimngoji mtu. Aliifikiria ile sauti aliyoihesabia miezi minane. Akalirudisha tarumbeta magotini pa mzee.

"Stanley!"

"Naam, Bibi."

"Kesho saa tisa na nusu uwe kwangu. Utamchukua Richard na wenzake wote, uwapakie nyuma, uwalete hapa. Na dada wa marehemu Sumari utamweka mbele, atakutukana njia nzima. Utanyamaza na kuendesha."

"Na kwa Mzee wetu, Bibi?"

"Mzee wenu atapigiwa jua likiwa limetoka. Amemchelewesha huyu mama miaka mingi. Naye angoje kidogo."

Pasaka, saa kumi na moja alfajiri, watu tisa walisimama nyuma ya nyumba ya Solomoni kuzunguka kaburi la saruji lililokuwa limeota kuvu. Hanna alikuwa ametukana mpaka Usa River, kisha akaambiwa sababu, na sasa alikuwa amemshika Solomoni mkono. Richard aliinua tarumbeta. Sauti ilitoka nyembamba, ikajaa, ikashuka kati ya migomba. Mzee aliinama, akaweka kiganja juu ya saruji, midomo ikitembea pamoja na wimbo.

Bibi Ruth alisimama pembeni, amegeukia magharibi, ambako bega la mlima lilikuwa jeusi na nyuma yake, mahali fulani, kilikuwapo kijiji chake. Alisikiliza ubeti wa kwanza na wa pili bila kufuta machozi. Kabla ya ubeti wa mwisho alimgusa Richard kiwiko.

"Huu upige umegeukia kule," alisema. "Puliza kwa nguvu, mwanangu. Ni mbali."