Skrini Iliyokunywa Rangi

Skrini ilikuwa na joto. Marisela aliweka kiganja nyuma yake, akatazama chini kutafuta waya, asiuone. Haikuwa imechomekwa popote. Na halikuwa joto la mashine. Lilikuwa kama joto la mgongo wa mtoto aliyelala.

"Imetoka juani," alisema Mzee Heladio, muuza skrini zilizotumika. Lakini kibanda chake kilikuwa na paa la turubai, na tangu asubuhi mji wote wa Puebla ulikuwa ndani ya manyunyu.

Marisela alikuwa ametafuta kwa wiki tatu. Alikuwa akisomea kuchora vitabu vya watoto, na kompyuta yake ya mkononi ilikuwa inamdanganya: alichokiona chekundu kilitoka kwenye karatasi kama tofali. Mwisho wa mwezi chuo kingemchagua mwanafunzi mmoja, kwa kitabu kimoja cha picha, alipiwe ada ya mwaka wa mwisho. Asipochaguliwa, angerudi kwao Atlixco kuuza jeli za vikombe na mama yake. Hata peso mia tisa alizobeba zilikuwa za jeli. Kwa pesa hizo, skrini kubwa zilikuwa na mistari, zisizo na mistari zilikuwa ndogo, na zilizobaki ukizitazama kwa upande picha ilififia kama nguo iliyopauka.

"Unataka ya namna gani, binti?"

Wanafunzi wengine hutaja inchi, au matundu ya waya. Marisela alisema, "Nataka ya kuishinda ya binamu yangu."

Mzee Heladio aliacha kutafuna. "Hiyo ninayo," alisema. "Ni hiyo uliyoishika."

Aliichomeka akaijaza rangi moja moja, kama wauzaji wote wanavyofanya ili mnunuzi atafute madoa: nyekundu, kisha kijani, kisha buluu. Doa halikuwepo. Nyekundu ilikuwa imeiva mpaka Marisela akameza mate. Aliona kwamba skrini mbili zilizosimama kando yake rafuni zilikuwa zinaonyesha picha za rangi ya majivu, lakini hakuuliza. Mzee alitaka mia nane, naye akalipa haraka, kabla mzee hajabadili mawazo.

Binamu yake Yuridia alikuwa akimsubiri chumbani. Walipanga chumba kimoja juu ya paa la nyumba ya Bibi Eulalia, walisoma darasa moja, na kitabu cha Yuridia kilikuwa kinashindania ada ile ile. Skrini ya Yuridia ilikuwa mpya, pana, imenunuliwa na baba yake anayeezeka nyumba huko kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Kila jioni baba huyo alipiga simu. Baba wa Marisela naye alivuka mpaka huo huo. Hakupiga.

"Mia nane? Muongo wewe. Umemroga yule mzee," alisema Yuridia akicheka. "Sogea, tuiweke hapa karibu na yangu, zipige umbea."

Siku ya pili, saa sita mchana, wakiwa wanakula semita, mikate ya mviringo yenye ufuta, walisikia mfyonzo. Ulikuwa mwembamba, kama mtoto anayemalizia maji ya matunda kwa mrija. Kisha ikaja harufu ya sukari inayoungua.

"Bibi ameacha sufuria jikoni," alisema Yuridia. Aligeukia skrini yake, akakunja uso. "Mari, mbona nyekundu yangu imelegea?"

Marisela alitazama. Jogoo aliyechorwa na Yuridia alikuwa amepauka, na nyekundu ya skrini ya Marisela mwenyewe iling'aa kama kidonda. Alielewa saa ile ile rangi ilikokwenda.

"Labda waya," alisema. Ndani ya kifua chake kitu kikakaa chini taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

Yuridia alibadilisha waya, haikusaidia. Kesho yake midomo yake ilikuwa ya kijivu. Kesho kutwa yake alijimiminia pilipili nyekundu nyingi juu ya maharage, akatokwa machozi, akasema alidhani ni mchuzi wa kijani wa nyanya mbichi. "Zote naziona sawa," alinong'ona. "Usimwambie baba."

"Umechoka tu," alisema Marisela, akarudi kuchora.

Alasiri ya Jumanne, mvua ikipiga bati, Marisela alirudi kutoka darasani, na kabla hajafika mlangoni alisikia mfyonzo ule tena, safari hii mnene, wa koo lenye kiu, akasukuma mlango polepole na kuona skrini zote mbili zimezimwa, lakini ya kwake ilikuwa imeinamisha shingo kuelekea kwa Yuridia aliyelala kichwa juu ya meza, na chini ya kope za Yuridia ulikuwa unatoka uzi mwembamba wa kijani, unanyooka hewani, unaingia kwenye kioo cheusi, na katika kioo hicho, ingawa Marisela alikuwa bado amesimama mlangoni, mbali, upande ambao kioo hakikuelekea, kulikuwa na uso wake yeye mwenyewe, macho yamefumbwa kwa utamu, midomo imechongoka, unakunywa.

Alikimbia chini kwa Bibi Eulalia, akamweleza kuhusu skrini.

Bibi Eulalia aliuza mitishamba sokoni, na nyumbani aliwasafisha watu husuda na uchawi kwa yai. Hakuuliza mengi. Aliwasha ubani, akamkalisha Yuridia, akampitishia yai toka utosini hadi miguuni pamoja na kitawi cha mrehani, akalipasua kwenye glasi ya maji. Lilikuwa safi.

"Wewe nenda uani, ukamwagilie maua yangu," alimwambia Yuridia. Kisha akamgeukia Marisela. "Haya, njoo wewe mwenye afya."

Yai la Marisela lilipopasuka, kiini kilikuwa majivu.

Bibi alishusha sauti. "Jini wa skrini hiyo hula kwa macho ya mwenye wivu. Asipoonyeshwa, haoni. Amekunywa rangi ngapi?"

"Mbili, bibi."

"Wewe ndiye uliyemwonyesha kikombe. Sasa taja unachomwonea wivu binamu yako. Ukikitaja kwa kinywa chako, anatapika alichokunywa. Vikiisha, hana pa kukaa. Kikibaki kimoja, hicho ndicho kitanda chake."

Marisela alitazama sakafu. "Namwonea wivu kwa skrini yake."

Kutoka uani sauti ya Yuridia ilisema, "Bibi, maua yako ni mekundu." Alikuwa analia.

"Endelea."

"Namwonea wivu kwa baba yake. Anampigia kila siku."

"Na majani," ilisema sauti ya uani. "Nayaona majani."

"Kingine?"

Kilikuwepo. Hata kwa skrini mbovu, hata kwa mkaa tu, mkono wa Yuridia ulikuwa bora kuliko wake. Walimu walilijua hilo, naye alilijua tangu wakiwa na miaka sita. Akilitaja lingekuwa kweli, na ada ingekwenda kwa Yuridia.

"Hakuna kingine, bibi."

Bibi Eulalia alilitazama tena yai la majivu. Kisha akaagiza skrini iletwe uani, akaifunika gunia, akaiponda kwa jiwe la kusagia. Vipande vilikuwa baridi kabisa.

"Umeme unakula watu siku hizi," alisema Yuridia, akimkumbatia binamu yake. "Tutatumia yangu sote wawili. Asubuhi yako, jioni yangu."

Ijumaa ilikuwa siku ya kupeleka vitabu. Marisela alikuwa amemaliza cha kwake. Yuridia alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, ziwa kubwa chini ya anga, na Marisela alisimama nyuma ya kiti chake akiutazama. Lilikuwa ziwa la kumfanya mtu avue viatu.

Alisikia mfyonzo. Ulitoka karibu mno. Alipogusa mdomo wake, aliukuta umechongoka.

Yuridia alisugua macho, akatazama dirishani. "Kumefunga mawingu, ndiyo maana siwezi kuona vizuri," alisema. "Mari, nisaidie wewe. Ziwa limefifia au ni mimi? Niongeze buluu?"

Nje hapakuwa na wingu hata moja.

"Ongeza," alisema Marisela.

Yuridia aliongeza. "Inatosha?"

"Ongeza tena."