Moto wa Kuomba Kule Xintang

Clementina wa Makambako si mtu wa kuogopa ovyo. Miaka nenda rudi amekwenda Guangzhou kununua jinzi, na mabosi wa viwandani kule Xintang wanaujua ubishi wake. Lakini safari ile aliiweka biashara pembeni. Mdogo wake Herieth, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Nani mwingine angemkanda mzazi? Dada mtu akapanga kijumba uchochoroni, chumba juu, jiko chini, akajifunga kibwebwe.

Kukanda kunataka maji ya moto, tena sufuria nzima. Mwenye nyumba alikataza gesi, na umeme ulikatika kila ukichomeka jiko la umeme. Kilichokuwepo ni jiko la pelleti, vile vidonge vya maranda yaliyoshindiliwa, lenye feni ndogo ya kupuliza moto. Alasiri ile likaamua kumtia wazimu. Linawaka, linachangamka kidogo, linazimika.

Akadhani pelleti zimepata unyevu, maana Agosti ya kule hata chumvi hutoa jasho. Akafungua mfuko mpya. Likazimika. Akakwangua majivu yaliyogandamana kwenye kikombe cha kuchomea, akazibua vitundu vya hewa kwa sindano ya magunia. Likazimika. Akagongagonga bomba la moshi, masizi yakammwagikia kichwani, akakaza na mlango uliolegea. Feni ilizunguka vizuri tu. Mwishowe hata kiwashio kikagoma.

"Dada, maji bado?" Herieth aliuliza kutoka juu, amechoka.

"Yanakuja, mama. Mnyonyeshe kwanza."

Magharibi ilikuwa inaingia. Nje, bibi jirani alikuwa akichoma makaratasi kando ya ukuta, kama walivyofanya wengi mtaani jioni ile. Pembeni aliweka bakuli la wali na machungwa. Clementina aliwahi kuyaona hayo miaka ya nyuma, hakuuliza hata siku moja. Bibi akaingia ndani kufuata makaratasi mengine.

Sasa, Makambako moto haunyimwi. Ukimkosa mwenyewe unachota kaa, utamwambia baadaye. Clementina akachota.

"Ayi, naazima moto," alisema kwa adabu, kama wanavyoitwa akina mama kule, kuelekea mlango uliokuwa wazi, akaondoka zake.

Jiko likashika mara moja. Akacheka peke yake, akabandika sufuria.

Likawaka. Likawaka sana. Akachungulia kwenye tangi la pelleti. Hazikuwa zimepungua. Akatia kidole kwenye maji. Baridi. Akasubiri, akatia mkono mzima. Yalikuwa baridi kuliko yalivyotoka bombani.

Akachomoa waya ukutani. Feni ikasimama. Moto haukusimama.

Alipogeuka, bibi jirani alikuwa mlangoni na bakuli lake. Alilitazama jiko, kisha akanong'ona kwa maneno mepesi ya sokoni, yale ambayo Clementina aliyajua.

"Si wako. Wa waliokufa. Wanaufuata."

Akanyoosha kidole juu, chumbani.

Mtoto hakuwa analia. Clementina akapanda mbio. Herieth alikuwa amelala chali, macho nusu wazi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si umemchukua wewe sasa hivi? Mikono yako ilikuwa ya baridi, dada."

Ngazi ilikuwa moja tu, na Clementina hakuwa amebanduka chini yake. Alishuka akikaribia kuanguka. Mtoto alikuwa mbele ya mlango wa jiko, sakafuni, uchi. Ametulia. Anautazama moto. Akamnyakua. Bibi akapiga magoti, akamimina wali wote ndani ya jiko, na machungwa. Moto ukafa.

Mtoto alikuwa anapumua. Clementina alilia machozi ya shukrani, akamkumbatia, akaanza kumvalisha. Hapo ndipo akaona tumbo.

Kitovu alikisafisha yeye mwenyewe asubuhi. Kilikuwa kibichi, bado kimebanwa na kibanio cha hospitali. Sasa hakikuwepo. Pale pamefunga, ngozi laini, kana kwamba ni mtoto wa mwaka mzima. Walitafuta jikoni, ngazini, kwenye nguo. Kibanio kilionekana nje, pale palipochomwa makaratasi. Kilikuwa kimefungwa vilevile, bila hata doa la moshi.

Walirudi Makambako mara tu mzazi alipopata nguvu. Mama yao alikuwa amekwisha kuchimba kishimo nyuma ya nyumba, maana kwao mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake. Akakinga kiganja. Clementina akaweka kibanio kitupu, akaeleza yote.

Mama alikitazama kile kidude. Kisha akamtazama mjukuu, aliyekuwa akinyonya kwa amani.

"Sasa huyu ni wa nani?" aliuliza taratibu.

Kishimo hakijafukiwa mpaka leo.